Neno "Pliable" na Ukili wa Bofu

Basi kama nilivyokuwa nikikwambia kabla simu haijakatika, Rehema mjukuu wangu, hapa Mtopanga mimi mzima na bwana wangu mpya mzima. Wallahi, kila asubuhi ananipikia chai ya tangawizi na kuniita "mwari wangu"!

Sasa lile neno la Kiingereza ulilonitajia. Baba yako anataka nimwache mume nirudi kukaa kwake, ati nimeolewa uzeeni kwa kuwa mimi ni "pliable". Tumelitafuta kwenye kamusi, mimi na bwana, vichwa vimegusana. Ni kitu kinachokunjika bila kuvunjika. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao kwenye neno la Kilatini la kukunja. Neno lao la kusuka, "plait", limetoka humo humo.

Nilicheka! Nilipokuwa kigori kule Bofu, shangazi alinifunza kusuka ukili, ule utepe wa miyaa, majani ya kusukia, unaoshonwa kuwa mkeka. Kwa haraka zangu nikasuka miyaa mikavu, ikanikatikia mkononi.

"We mtoto, wailazimisha!" akafoka. "Iroweke kwanza."

Nikairoweka, ikalainika, nikasuka.

"Haya, ukate sasa, tukuone."

Nikauvuta ukili ule mpaka viganja vikawaka moto. Haukukatika.

Mwambie baba yako amesema kweli, hivyo ndivyo nilivyo, na kwa mume wangu sitoki. Kabla ya mwezi huu kuisha tutakuja Nairobi kuwaona, inshallah, sote wawili. Atutandikie kitanda kimoja.

Bibi yako akupendaye,
Mwanaisha