Ukuta wa Mabanga

Kaka Télesphore,

Sisi tuko, Mungu anatulinda. Mbuzi imezaa, na mwanangu Bienvenu amepanda darasa.

Barua yako nimeisoma. Unalia kwamba huko Ubelgiji jirani hafungui mulango, hasalimii mutu. Pole. Hapa kwetu Mabanga, nani alijenga ukuta wa mawe ya volkano, akapanga vipande vya chupa juu, ili majirani wasimusumbue? Hata mama yetu alisimamishwa inje, sentineli wako, mulinzi wa mulango, akimwambia, "Patron anapumzika, rudi kesho."

Katika kurasa tatu, hukuuliza hali ya mama. Tulimuzika mwezi uliopita. Tulikupigia, simu hukupokea.

Ukuta wako niliubomoa, na mawe yake tukajengea kaburi. Sasa mama ameingia ndani, na hakuna wa kumwambia arudi kesho.

Dada yako,
Nyirarukundo