Pembe za Koridoni

Kuhmo, wiki ya kwanza ya Juni

Kaka yangu Ilmari,

Nakusalimu kutoka nyumbani, nikitumaini mgongo umepunguza kukusumbua na kwamba huko Västerås mmeshayavua makoti. Huku kuna mvua na baridi bado, lakini sote tu wazima. Outi anakushukuru kwa maua. Kofia yake nyeupe ya kuhitimu ameivaa tangu Jumamosi, kidogo tu alale nayo. Mimi nimelala usingizi wa mtoto mchanga, na sababu yake ndiyo nataka kukueleza.

Reijo alipohamia kwa yule Marjut, sikutoa chozi mbele yake. Nilisema mume ameenda, basi. Lakini mwezi wa tatu alikuja kumwambia Outi kwamba sherehe yake ya kuhitimu ifanyike kwao, kwenye nyumba mpya ya Marjut, maana wageni hawawezi kupitishwa kwenye korido yetu. "Mwanangu, utapokea watu kwenye shimo la panya?" alimwambia, nami nimesimama palepale na ndoo mkononi. "Mama yako hata balbu hawezi kubadilisha." Outi akazitazama zile mbao za kahawia, ambazo baba yake mwenyewe alizipigilia ukutani mwaka tuliooana, nikaona anasita. Hapo ndipo nilipochomwa moyo, kaka. Yaani sherehe ya mwanangu niende kama mgeni, nikae pembeni nikinywa kahawa kwenye kikombe cha Marjut! Nikamwomba Outi anipe mpaka Mei. Akasema, "Haya mama, ila usijiue."

Fedha sikuwa nayo, ila roho mbaya nilikuwa nayo tele. Mbao sikuzing'oa. Nilizipiga msasa mpaka nikapiga chafya ya kahawia, nikazipaka nyeupe kwa mabaki ya rangi niliyopewa kazini baada ya jiko la shule kupakwa. Kioo nilikipata kwenye mitumba ya kanisa, kina ufa kwenye kona moja, nikauziba kwa ua la karatasi. Balbu nilibadilisha, tena nikaongeza ya pili. Korido ikapanuka machoni, ukiingia unaona kama mtu amefungua dirisha, na dirisha lenyewe halipo.

Kisha nikakumbuka mashati. Reijo aliyaacha kabatini akisema atayafuata, nikamngoja mwaka mzima. Nikayakata vipande vyembamba, ya kazini na ya Jumapili, kola nikazitia jikoni motoni, nikaenda kwenye kitanda cha mfumi cha akina mama wa kijiji na kufuma zulia la kuanzia mlangoni mpaka sebuleni. Wenzangu walipouliza kwa nini nagonga uzi kwa nguvu hivyo, niliwaambia zulia la mlangoni linataka kukaza.

Zikabaki pembe. Unazijua, zile pembe za hirvi, kulungu mkubwa wa misitu yetu, zenye kibao cha shaba na jina la Reijo, zilizotukodolea macho miaka yote ya ndoa yangu. Alikuwa akipiga simu kila mara kuziulizia, lakini hakuuliza hata siku moja kama paa linavuja. Nilichukua msumeno wa baba nikazikata ncha moja moja, nikazifunga kwa skrubu kwenye ubao mweupe. Sasa ndizo kulabu zetu za makoti, na sijaona duka lenye nzuri kama hizo.

Jumamosi watu walijaa mpaka uani. Viatu vilirundikana mlangoni kama kawaida, vyote vyeusi, vyote vya sherehe. Reijo akaingia na Marjut. Marjut akasimama kwa soksi juu ya zulia, akalisifu ulaini wake, akauliza limefumwa kwa nini. Nikamjibu ni mashati ya mtu aliyehama. Reijo alitundika koti lake, akapapasa kulabu, akasema, "Hizi ni safi! Umezinunua wapi?" Nikamwambia ni za humu humu ndani. Akazitazama tena, akazitambua.

"Sirkka," alipaza sauti, "umemkata hirvi wangu?"

Mzee Urho, yule aliyekuwa akichuna wanyama wa kikundi chenu cha kuwinda, alikuwa ameketi kwenye benchi la viatu na kipande chake cha keki. Hata uma hakuuweka chini. "Wako tangu lini, Reijo? Risasi niliitoa nyamani mimi mwenyewe, nayo ilikuwa ya bunduki ya baba yake Ilmari, na Ilmari ndiye aliyeibeba. Wewe siku ile uliua msonobari!"

Kaka, wawindaji walicheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Reijo alitaka kuondoka kwa kishindo, lakini mtu hawezi kuondoka kwa kishindo akiwa na soksi. Ilimbidi ainame mbele ya watu wote, akifukua rundo la viatu, kidole gumba kikichungulia kwenye tundu. Mwishowe alitumbukiza miguu kwenye jozi iliyo karibu, akatoka akichechemea. Vilikuwa vya Mzee Urho, ambaye ana mguu mdogo kama wa mwanamke. Mzee alirudi kwake na vile vya Reijo vinavyong'aa, na anasema havimpwayi sana akivaa soksi za sufu.

Sasa nikuambie ukweli. Mzee Urho hakukaa pale kwa bahati. Msimu wa majani kupukutika aliniletea kuni, akanieleza yote: jinsi Reijo alivyomsihi anyamaze kwa kuwa harusi ilikuwa karibu, jinsi kikundi kilivyokucheka kwamba umekosa shabaha, na jinsi wewe ulivyojua na kufunga mdomo ili usiniharibie harusi. Mimi nilidhani ulikwenda Uswidi kutafuta kazi tu! Nililia kwa hilo kuliko nilivyomlilia Reijo. Kwa hiyo nilimwalika Mzee mapema, nikamketisha chini ya kulabu, nikamletea keki palepale asisogee. Nimejaribu kujuta, sijaweza.

Jioni Outi aliniuliza kama nilipanga. Nikakiri. Akanuna, akasema, "Ungengoja basi hata watu wamalize keki yangu." Baadaye akarudi na kuniuliza kama mjomba anajua kwamba tunajua. Nilipotikisa kichwa kukana, akanitafutia kalamu.

Kibao cha shaba nimekiweka kwenye bahasha hii, ukitupe ziwani ukipenda. Wasalimie wote nyumbani kwako, na mgongo uupake ile dawa.

Kulabu ya mwisho, ile kubwa iliyo karibu na mlango, haijatundikwa kitu. Outi anawafukuza wageni wasiiguse. Njoo na koti lako, kaka, na viatu uvivue mbali na vya wengine.

Dada yako akupendaye,
Sirkka