Ubeti wa Tatu

Jumatatu, 2 Julai

Nimekamua, nimepeleka maziwa barabarani, nimechuma chai mpaka saa saba. Halafu gitaa. Bure kabisa! Jana kidole gumba kilikuwa kinatembea chenyewe kwenye nyuzi za besi, cha shahada kinajibu huku chini, mimi nasikiliza tu kama mgeni. Leo ni kama nimeazima mkono wa mtu. Wimbo ule ule, kigoda kile kile. Nikakosea ubeti wa kwanza, nikaanza upya. Nikakosea, nikaanza upya. Mwishowe nikalitupa gitaa kitandani. Baba, huko sebuleni, akaongeza sauti ya redio.

Jumanne, 3 Julai

Mwalimu Njeru wa kwaya ametangaza leo. Jumamosi ya wiki ijayo atatusikiliza mimi na Mugendi, kisha achague mmoja wa kupiga gitaa kwaya ikienda Embu mjini kwa sherehe ya mavuno. Beti zote nne, na mwanzo ni gitaa peke yake.

Mugendi! Yule hajui kudonoa uzi mmoja mmoja. Anazikwaruza zote pamoja kama anasugua sufuria. Lakini baba yake ni mzee wa kanisa, na shati lake halikosi pasi. Ule mwanzo niliutunga mimi. Mimi! Nikae hapa Kianjokoma yeye akiuharibu mbele ya watu wote wa Embu? Naitaka hiyo nafasi. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Jumatano, 4 Julai

Siku nzuri. Ngai, siku nzuri! Beti zote nne bila kukwama. Nikaenda kuchuma chai nikiimba, majirani wakadhani nimeposwa.

Alhamisi, 5 Julai

Mbao. Vidole vya mbao. Sikumaliza hata ubeti wa kwanza. Naanza, nakosea, naanza. Jana nilikuwa na mikono ya nani? Nimelaumu ukungu, nimelaumu nyuzi, nimemtukana Tajiri, ng'ombe wa watu asiye na kosa.

Na Baba na redio yake. Gitaa hili ni lake. Alilipiga hotelini Embu akiwa kijana, watu wakacheza mpaka viatu vikaisha. Halafu akaokoka. Tangu siku hiyo hajaligusa. Hanikatazi, hanifundishi. Neno moja tu lingenisaidia, hata la kunikosoa. Ng'o. Anaongeza redio.

Jumamosi, 7 Julai

Nimegundua! Mama yuko mji wa Maua kwa dada yangu, anamsaidia na mtoto mchanga, kwa hiyo kukamua ni juu yangu. Yale mafuta ya kukamulia napaka kwenye chuchu za ng'ombe, na yakibaki najipaka mikononi, maana baridi ya huku inapasua ngozi. Hapa nani hajipaki? Leo kopo limeisha. Nikakamua kwa maji moto tu, nikashika gitaa, na kidole hakikuteleza hata mara moja. Kumbe nimekuwa nikizipaka nyuzi mafuta ya ng'ombe! Nimecheka mpaka nikakaa chini. Mjinga mimi. Lakini basi, imeisha. Mugendi ajipange.

Jumatatu, 9 Julai

Haijaisha. Nimenawa kwa sabuni ya unga, nikasugua kwa jivu, mikono ikawa myeupe kama ya maiti. Nikapiga. Mbao! Mbao ile ile! Sasa nilaumu nini? Mafuta hakuna, nyuzi kavu, jua limewaka. Nimekipiga kigoda teke na kidole cha mguu kimevimba. Nimekasirika mpaka naona giza. Mtu akilima leo, kesho anakuta shamba limelimwa. Mimi nalima, naamka nakuta magugu. Nani amelirudisha pori langu?

Wakati wa chakula Baba akaniuliza, bila kuinua macho kwenye githeri, "Wawira, huo wimbo hauna mwisho?"

Nikabeba sahani yangu jikoni. Baba hajibiwi. Lakini naenda kulala na hasira zangu zote, ananikejeli mtu aliyetupa gitaa lake mwenyewe.

Alhamisi, 12 Julai

Nzuri. Nzuri sana. Siandiki zaidi, nisiiharibu.

Ijumaa, 13 Julai

Mbaya. Nimeanza upya mpaka bega likauma, na beti nyingine sikuzigusa. Nimelia, na machozi yenyewe ni ya hasira. Mungu, nipe kesho tu. Kesho ikiwa nzuri, siku nyingine zote chukua.

Jumamosi, 14 Julai

Alinipa. Hilo ndilo linaloniua. Ilikuwa siku nzuri!

Mwanzo ulitoka safi mpaka wale wa sauti ya tatu wakageuka kunitazama. Ubeti wa kwanza, wa pili, kwaya imepanda, mimi niko juu. Ubeti wa tatu kidole cha shahada kikagusa uzi usio wake. Kosa dogo. Hakuna ambaye angelisikia. Lakini mikono yangu, haki ya Mungu, ikarudi mwanzo. Yenyewe! Kwaya iko katikati ya ubeti wa tatu na mimi napiga mwanzo wa wimbo. Tukagongana, wakanyamaza, mtu akacheka.

Mugendi alikosea kila mahali. Alikwaruza, akapotea, akaruka nusu ya mwanzo wangu. Lakini hakusimama. Alifika mwisho na kwaya nyuma yake, na Mwalimu Njeru akamchagua yeye. Nimchukie kwa lipi? Ningekuwa Mwalimu, ningefanya vivyo hivyo.

Nimejikasirikia mimi. Kila siku mbaya nilikuwa najifunza kitu kimoja tu, kurudi nyuma, na nimekijua vizuri kuliko wimbo. Baba aliniuliza. Wala hakuwa ananikejeli.

Jumapili, 15 Julai

Kanisani nilikaa nyuma. Mugendi alinisalimia kwa adabu, nikamwitikia.

Mchana nilishika gitaa. Mbao, tangu uzi wa kwanza. Nikakosea kwenye mwanzo, mkono ukataka kurudi, nikaukatalia. Nikakosea ubeti wa kwanza, nikaenda. Wa pili ulikuwa aibu tupu. Wa tatu nilipapasa kama mtu anayetafuta kiberiti stima ikipotea, lakini nikapita. Wa nne. Nikafika mwisho. Ilikuwa mbaya sana na nilifika mwisho.

Nikaweka kiganja juu ya nyuzi zinyamaze. Nyumba nzima ilikuwa kimya. Sijui Baba alizima redio saa ngapi.