Tangazo la Arobaini ya Nedka

Troyan, 3 Machi

Binti yangu Desislava,

Hujambo? Mimi mzima, goti tu linanitesa. Tangazo la arobaini ya mama yako ulilochora nimelipata. Ndicho mlichofundishwa huko chuoni Sofia? Kipicha, jina, halafu karatasi tupu! Watasema Stoimen mchapaji, anayewachapia wafu wa mji huu miaka thelathini, kaishiwa wino kwa mkewe mwenyewe. Tena fremu ya buluu! Buluu ni ya waliokufa bila kuolewa, we mtoto! Mimi nilikuwa nani humu ndani, mpangaji? Nabandika la kwangu, nakala hii hapa.

Baba yako

Sofia, 7 Machi

Baba,

Shikamoo. Pole na goti. Buluu nimekosea, nisamehe. Nilifikiria macho yake tu. Mengine sikuombi radhi ng'o. Nimeliona lako: misalaba miwili, mashada manne, herufi za aina tano, shairi, na majina ya binamu wote. Mama kabanwa pembeni kama mwizi. Hebu tazama kamba ya nguo ya jirani yetu Tsonka: shuka nyeupe kumi, soksi moja nyekundu. Jicho linakwenda wapi? Tazama meza yako: ukiweka nyanya moja juu ya sahani tupu, hata mlevi anaiona. Wewe unamwaga supu juu ya saladi, unaita heshima. Ukibandika takataka hiyo, siji kwenye arobaini.

Mwanao

Troyan, 16 Machi

Desislava,

U mzima? Hukuja. Jeuri hiyo umeirithi kwangu.

Nilibandika la kwangu mlangoni, kanisani na kituo cha basi. Tsonka akasimama mlangoni, akasoma weee, kisha akaniuliza: "Stoimen, kafa nani tena?" Nikamwita kipofu, nikambamizia mlango. Alipoondoka nikavuka barabara nikalitazama mwenyewe. Nikaona misalaba. Nikaona mashada, na shairi lilelile nililowachapia watu mia mbili. Nikaona jina la duka langu, kwa herufi nene. Mama yako sikumwona.

Miaka thelathini nawafukia watu kwa wino, nao wananishukuru, wajinga wale! Na mjinga wao mkuu ni mimi.

Leo nimechapa lako, fremu nyeusi, nimelibandika. Watu wanasimama. Wananiuliza kuhusu ile picha uliyompiga, mbona Nedka anacheka vile. Miaka arobaini na moja ya ndoa sikuwahi kumwona hivyo. Niambie, mwanangu: alikuwa anacheka nini?

Baba yako