Msimpekue Kaka Yenu

Wanangu,

Juzi fundi cherehani aliniambia kaka yenu ameonekana nyuma ya gereji, pale alipokuwa akivuta unga na wale wenzake wa zamani. Nikamwamini. Leo asubuhi akiwa anaoga nikavua viatu nisisikike, nikapekua suruali yake. Nimekuta kadi ya kliniki tu, ina muhuri wa kila siku, miezi mitatu, hakuna siku aliyoruka. Kumbe njia ya kwenda kunywa dawa ya kuacha unga inapita hapo hapo gerejini.

Akatoka, akanikuta nayo mkononi. Hakufoka. "Mama, umesahau viatu," akanisogezea vyote viwili. Akaondoka bila chai. Nimekunywa yangu peke yangu. Yake nimeifunika, sikuweza kuimwaga.

Maharage yako kwenye sufuria, mpashieni akirudi. ~~Mwambieni mama anaomba radhi.~~ Acheni, nitamwambia mwenyewe nikitoka kazini.

Mimi mama yenu nawaonya, msifanye kama mimi:

Msimnuse nguo.
Msiguse mifuko yake.
Msifiche simu zenu akiingia.
Msimuulize katoka wapi kabla hajakaa.
Msinyamaze ghafla mkimwona.
Msimwache ale peke yake.