Maji ya Papa Ilunga

Jumanne, 3 Juni

Kilomita kumi na nane kabla ya shule. Baridi ya kukata masikio. Kutoka mtaani kwetu Katuba mpaka Golf, mtaa wa matajiri, na kurudi, tukipishana na baiskeli za makaa. Papa Ilunga amekuja mikono mitupu, kama kawaida. Maji nabeba mimi, chupa mbili kiunoni, yangu na yake. Tunakimbia pamoja mwaka wa nne huu na hajawahi kubeba hata tone. Ana miaka sitini na miwili, mstaafu wa reli. Anasema amebeba mizigo ya watu maisha yake yote, sasa ni zamu yake kubebewa. Kule Golf mbwa wa matajiri walitubwekea nyuma ya kuta. Akavua kofia, akawasalimia mmoja mmoja kama wakurugenzi. Nilicheka hadi pumzi zikanitoka.

Marathoni ya Kipushi ni Jumamosi. Ya nne mwaka huu. Nyingi mno, najua. Goti la kushoto limeanza kulalamika na mke wangu pia.

Jioni nimesoma tena habari za wale wapandaji wawili wa mlima wa barafu. Mmoja aliteleza. Mwenzake alikuwa amebakiza hatua chache afike kileleni. Akageuka, akashuka kumfuata. Nimewasimulia wanafunzi wangu wa jiografia mara nyingi hadi wanakijua kisa hicho kuliko somo lenyewe. Ukuta wa darasa nimeujaza watu wa namna hiyo: mama aliyevuka jangwa kwa miguu, mwanamume aliyevuka bahari kwa kasia. Nikichoka barabarani huwa nawaita kichwani. Huwa wanakuja.

Jumamosi, 7 Juni

Nimemaliza. Nina medali. Sitaki kuandika.

Jumapili, 8 Juni

Andika, mwoga wewe.

Kilomita ya ishirini na nane, misuli ya mguu ilimkaza Papa Ilunga. Akaketi kando ya barabara, uso umejaa vumbi jekundu. Chupa zetu zote mbili zilikuwa zimekwisha. Nikamwambia angoje, narudi kwenye meza ya maji, namletea. Ilikuwa kilomita moja na nusu nyuma. Akasema sawa. Hakuuliza mara mbili.

Mezani nilikuta vikombe vitupu. Goti lilikuwa linawaka moto. Nikasimama pale nikiwaza: nirudi kwake nimwambie nini? Niliwaza pia muda wangu. Niliwaza ule ukuta wa darasa, nikajiona nimebandikwa juu yake. Mtu wa pikipiki akasimama. Nikapanda.

Aliniazima koti lake, nikafunika namba ya kifuani. Tulimpita Papa Ilunga. Alikuwa palepale, amenyoosha shingo kuangalia upande ambao ningetokea na maji. Nikavuta kofia, nikaficha uso mgongoni pa dereva.

Nilishuka karibu na kona ya mwisho, nikarudisha koti, nikakimbia kipande kilichobaki. Vijana wa orodha waliandika namba yangu, wakanivisha medali. Yeye alifika baada ya saa mbili, wa mwisho, akichechemea. Kundi letu lote la kukimbia lilirudi barabarani kumpokea kwa nyimbo, maana ndiyo desturi yetu: wa mwisho haingii peke yake. Mimi niliimba. Niliimba kwa sauti kuliko wote.

Jumatatu, 9 Juni

Darasa lilisimama likapiga makofi. Wamebandika picha yangu ukutani, kati ya mama wa jangwani na mtu wa kasia. Mke wangu ndiye aliyewapa. Chini yake wameandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: MWENZAKO AKIANGUKA, UNARUDI. Maneno yangu mwenyewe. Nimefundisha mto Lualaba saa nzima nimeupa ukuta mgongo. Aibu ina joto. Shati lililowa jasho, pamoja na baridi yote hii.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda kumwona Papa Ilunga, na mkate na sukari. Mguu ameutumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi. Alinikaribisha vizuri. Aliongea habari za baridi na za bei ya unga. Kisha akaniangalia, akauliza taratibu habari ya maji: "Mwalimu, siku ile, mayi ulikosa?"

Nikasema nilikosa. Huo ulikuwa ukweli, ningeweza kuishia hapo. Lakini mdomo ukaendelea wenyewe: nikasema nilirudi kumtafuta, nikapita pale alipoketi, sikumwona.

Akatikisa kichwa polepole. Akaongeza chumvi kwenye beseni. Nilikunywa chai yake yote, na kikombe cha pili.

Najichukia.

Jumapili, 15 Juni

Sasa mama yangu naye. Amezungumza na padri bila kuniambia. Jumapili ijayo medali itapelekwa altareni pamoja na matoleo. Kwetu parokiani mtu aliyejaliwa jambo hulileta mbele ya Mungu: diploma, ufunguo wa nyumba mpya, nguo ya mtoto aliyepona. Ameshashona kitenge. Amenunua sahani nyeupe na kitambaa cha kuitandika. Wajomba wanatoka Likasi.

Nikamwambia medali ni kitu kidogo, aache tu. Akaona ni unyenyekevu. Akanishika mkono mbele ya watu mlangoni pa kanisa: "Baba yangu alitokaka Kongolo kwa miguu kuya kutafuta kazi ya mugodi. Damu yake njo ile ulikimbia nayo. Mi njo nitaibeba."

Watu wakaitikia kwamba kweli, yeye ndiye wa kuibeba medali. Mimi nikaangalia viatu vyangu, vilevile vya mbio. Hata viatu sikuweza kuendelea kuviangalia. Kamba zake nyekundu alininunulia Papa Ilunga, ili asinipoteze kwenye kundi, alisema.

Jumatano, 18 Juni

Nimekimbia peke yangu. Kilomita sita, nikasimama. Niliwaita wale watu wangu wa ukutani. Hakuna aliyekuja. Nadhani nami ningekuwa wao nisingekuja.

Papa Ilunga ameanza kutembea. Watu wa kundi wakimuuliza ilikuwaje Kipushi, anawajibu wamuulize mwalimu. Wanadhani ananipa heshima. Nami nilidhani hivyo. Leo sina hakika.

Jumamosi, 21 Juni

Nilikwenda kuungama. Nikaungama hasira. Nikaungama uvivu wa kusahihisha madaftari. Nikaungama kwamba nilimsema vibaya mwalimu mkuu. Pikipiki sikuitaja. Padri akanipa sala tatu, nikazisali zote kwa bidii, kama mtu anayelipa deni la jirani na lake analiruka.

Nikatoka kanisani nikaenda moja kwa moja kwa Papa Ilunga. Alikuwa uani anachambua maharage. Sikuketi. Nilisema yote nimesimama: meza ya maji, pikipiki, koti, kofia, kona ya mwisho. Na uongo wa siku ya mkate.

Aliendelea kuchambua. Akatupa jiwe moja. Kisha akasema:

"Nilikuonaka. Ulijifunika kichwa, lakini biatu ulisahau. Zile kamba nekundu mi njo nilikupatiaka."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Siku kumi na nne.

"Nilikuwa nangoya weye mwenyewe. Siku uliniletea mukate, nilikufungulia mulango. Ukaufunga."

Nikapiga magoti. Akaniambia niinuke, majirani watadhani kuna msiba. Nikamuuliza kama tutakimbia tena. Akatoa jiwe jingine kwenye maharage. Akasema: "Kukimbia, tutakimbia. Lakini kukuamini, ngoya kwanza."

Nilimwambia ana haki. Nimerudi nyumbani nikilia njiani, mtu mzima, watu wananipisha.

Jumapili, 22 Juni

Nimemwambia mama saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajavaa. Alikuwa amekaa kitandani, sahani nyeupe magotini. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakulia, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akaondoa kitambaa kwenye sahani, akakikunja mara nne, akakiweka sandukuni. Akavaa kitenge kipya kwa sababu kingine hakikupigwa pasi.

Wakati wa matoleo ngoma zikaanza, akapanga mstari na mfuko mdogo wa unga wa bukari, ugali wetu, kama Jumapili yoyote. Alicheza hatua zake zote hadi altareni. Wajomba wakanigeukia. Wakanitazama kifuani, hapakuwa na kitu.

Baada ya misa niliwaambia. Mmoja alicheka. Hicho kicheko ndicho kilichoniumiza kuliko vyote.

Jumatatu, 23 Juni

Nimewaambia wanafunzi. Niliandaa maneno mazuri, nikayasahau. Nikasema tu: nilimwacha mwenzangu barabarani na nikapanda pikipiki. Msichana wa dawati la mbele akauliza kama yule wa mlima wa barafu naye labda alipanda kitu. Nikamwambia hapana, yule aligeuka kweli, mwongo ni mimi. Ilikuwa muhimu alijue hilo.

Picha yangu nimeibandua mwenyewe. Maneno mekundu yamebaki. Waliomba yabaki.

Mchana nimerudisha medali kwa waandaaji. Kijana aliyeipokea aliitupa kwenye kasha la zilizobaki. Hakuuliza jina.

Jumamosi, 28 Juni

Papa Ilunga amekuja saa kumi na moja na nusu alfajiri, pale pale kwenye njia panda tunapokutana siku zote. Sikumtarajia. Baridi, moshi wa makaa, barabara tupu. Tulikwenda polepole kwa sababu ya mguu wake. Kilomita tisa mpaka Golf. Mbwa wa Golf walibweka, naye akavua kofia akawasalimia. Sikujua kama nina ruhusa ya kucheka. Nikacheka kidogo.

Nilikuwa na chupa mbili kiunoni kama zamani. Yeye alikuwa na chupa yake mkononi, ndogo, ya soda, ameifunga kamba ili isimtoroke. Hakuitaja, nami sikuiulizia. Tulipofika kwenye majumba ya mwisho alisimama, akaifungua, akanywa, akafunga.

Tukageuka kurudi. Nimefika nyumbani na chupa moja tupu na moja imejaa.