Kikombe cha Bati

Ujiji, Jumanne

Na leo tena wamenipa kile kikombe cha bati, kinachowekwa kando kwa ajili yangu peke yangu. Namfundisha hesabu binti wa Wahindi wenzangu wenye maduka mjini Kigoma, lakini chai yangu haiingii kwenye vikombe vyao. Sisi ni tabaka la washona viatu. Hata nisome vipi, kwao hilo halifutiki. Vijana wao wako Ulaya, wanasoma. Kaka zangu wanashona viatu hapa Ujiji.

"Ni mazoea tu, mwalimu," mama yake binti aliniambia.

Jioni mkimbizi kutoka Burundi alipiga hodi. "Shikamoo dada, naomba maji." Nikampa. Alipoondoka, nilijikuta nimekiweka kikombe chake peke yake, nje dirishani.

Mama alikiona. Alikifudikiza pale pale, kama kwamba siku zote ndipo mahali pake.